Kichwa cha Treni Kilichosita Lufingo

"Kile kichwa bado kinasita?"

Aliniuliza hivyo Ambakisye mwezi uliopita, chini ya turubai la msiba wa dada yake Subilaga. Hakuniuliza nimeamkaje wala hakunipa pole ya wifi yangu. Nilikuwa nimemshikia sahani ya ndizi na nyama, maana wanawake wa jikoni walinituma mimi nimpelekee, na sijui kama walikuwa hawajui au walijua wakataka kuona sinema ya bure, kwamba mzee huyu wa fimbo aliyeshuka kwenye basi akitokea Makambako alikuwa mume wangu. Nikamwekea sahani mapajani. Nikamjibu, "Hakisiti tena, hakitembei kabisa." Akatikisa kichwa, akaanza kula polepole, upande mmoja wa mdomo, kwa kuwa meno yamemwisha. Kijana mmoja aliyekaa karibu alidhani tunazungumza habari za lori, akatuambia yuko fundi mzuri pale Tukuyu mjini. Tulimshukuru wote wawili kwa pamoja, na hilo likawa jambo la kwanza tulilolifanya pamoja tangu ujana wetu.

Subilaga alikuwa wa mwisho. Nasema wa mwisho nikiwa na maana ya wale wanawake waliombeba mtoto wangu kwenda kumzika, mwaka ule. Wengine wote walishatangulia. Kila nilipokwenda kumwuguza nilikaa pembeni ya kitanda chake na swali langu mdomoni, nikampa uji, nikamfuta kidevu, nikarudi nyumbani na swali langu. Nilichotaka kukijua kilikuwa kidogo sana: mtoto wangu yuko wapi. Tulipomfukia Subilaga, watu walilia kwa ajili yake na mimi nililia nao, lakini nikisema kweli nililia pia kwa hasira, kwa kuwa alikwenda na jambo langu.

Sitaki kueleza nilitoka ukoo gani, wala ng'ombe wangapi walikuja kwetu, hayo wenye kuyapenda watayauliza kwingine. Nataka kusema habari za mwaka mmoja tu. Ni mwaka ule ambao redio haikuchoka kutaja vijiji vya ujamaa na reli ya kwenda Zambia, na sisi tulikuwa tumeoana karibuni, tunakaa Lufingo kwenye mwinuko, katika nyumba ya vyumba vitatu yenye bati linalopiga kelele za mvua hata mtu asisikie sala yake mwenyewe. Nyuma ya jiko kulikuwa na migomba mingi, shamba zima, na katikati ya migomba jiwe kubwa jeusi ambalo nililitumia kuanikia vyombo pale jua lilipotukumbuka. Jiwe hilo lipo hadi leo. Wenye shamba la chai walishindwa kuling'oa, wakalizunguka. Ndilo ninalokalia nikisubiri kupimiwa majani yangu, na vijana huniachia kwa heshima.

Ambakisye alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai. Mhandisi wa kiwanda, Mwingereza mmoja mrefu, alipofunga virago kurudi kwao alimpa kasha la mbao ambalo zamani lilikuwa la chai, ndani yake mna vipande vya reli, mabehewa, na kichwa cha treni cheusi kinachoenea kwenye kiganja. Alimpa yeye kwa sababu hakuna mwingine kiwandani aliyewahi kumuuliza kidude kile kinakwendaje. Ambakisye alilisukuma kasha chini ya kitanda akasema atalifungua mtoto akikua. Mimba yangu ilikuwa kubwa wakati huo. Alikuwa mtu wa maneno mengi, Ambakisye, anayeongea na kuku, anayesimulia hadithi za kiwandani hadi ugali unapoa, na mimi nilikuwa nikimwambia, "Kula, hadithi haina ugali."

Mtoto alizaliwa katika hospitali pale Makandana, wa kiume, mwenye nywele nyingi. Tulirudi naye nyumbani. Nesi alinipa chupa ndogo ya spiriti na pamba, akanionyesha namna ya kupangusa kitovu. Nilipangusa mara chache tu. Asubuhi moja hakunyonya, na mchana wake alikuwa amekwenda, hajapewa jina. Kwa desturi ya ukoo wa mume wangu, mtoto wa namna hiyo huwa si msiba. Haliliwi, hakuna matanga, wanaume hawahudhurii, na mama aliyemzaa haonyeshwi mahali, wanasema akipajua tumbo lake litafungwa kwa kuwa litabaki pale. Mama mkwe wangu alimfunga kwenye kanga yangu ya harusi. Subilaga alichukua jembe, na jirani mmoja mzee akawafuata. Nilikuwa nimelala, nikasikia miguu yao kwenye tope ikielekea migombani, kisha mvua ikapiga bati na sikusikia zaidi. Ambakisye aliporudi kutoka kiwandani alikuta nyumba imefagiwa. Mama yake akamwita kwa neno letu la baba, "Tata, kula. Mambo ya wanawake yamekwisha." Akala. Nilimwona kwa mlango ulio wazi, anakula mbalaga, ndizi zetu za kupika, zikimwanguka mkononi.

Baada ya hapo alinyamaza. Watu husema kimya kingi kina mshindo mkuu, mimi niliusubiri mshindo haukuja. Kilichokuja ni msumeno. Jumapili moja baada ya ibada aliingia chumba nilichokuwa nimelazwa na mtoto, akakivunja kile kitanda, mbao zake akazipigilia kuzunguka kuta zote nne kwa usawa wa kiuno, akatandaza reli juu yake. Akafungua kasha. Kwa moto, yaani umeme, alitumia betri ya lori, anaipeleka kuchajiwa gereji ya mjini akiwa ameifunga kwenye kibebeo cha baiskeli, anairudisha milima yote hiyo akiisukuma. Nilisimama mlangoni na maziwa yakinivuja kwenye gauni, kwa kuwa matiti hayakuwa yameambiwa kwamba mambo yamekwisha. Nikamuuliza, "Unafanya nini?" Akasema, "Nataka nione kama kinatembea."

Hakikutembea. Siku ya kwanza kilitoa cheche moja na harufu ya kuungua. Reli zilikuwa na kutu, na kwetu ukungu huingia hadi ndani ya sanduku la nguo, sembuse chuma. Akaleta msasa wa kiwandani akazisugua hadi zikang'aa, na kumbe msasa ule mkali uliziachia mikwaruzo, uchafu ukapata pa kulala. Kichwa kikaanza kwenda kwa kwikwi: kinaruka, kinasimama, unakigusa kwa kidole, kinaruka tena. Pale vipande viwili vya reli vilipoungana kilisimama kabisa. Pale reli zilipogawanyika njia mbili kiliangukia pembeni, kwa kuwa magurudumu ya jozi moja yalikuwa yamesogeleana. Aliyatanua kwa koleo. Akagundua vibati vyembamba vinavyopeleka moto kwenye mota havigusi gurudumu vizuri, akavikunja. Akagundua vijiti vya kaboni vimelika, akavichonga vingine kutoka kwenye betri kuukuu ya tochi. Akatoa kwenye ekseli uzi mwekundu uliojisokota, akaushika kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa uzi wa ile kanga. Aliuweka mfukoni mwa shati.

Nilijifunza magonjwa yote ya kidude kile kwa sababu ndiyo mazungumzo pekee tuliyokuwa nayo. Nikisema, "Chumvi inatosha?" alijibu, "Leo kimesita mara mbili tu upande wa dirishani." Alikula kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kichwa, anazungusha gurudumu kwa dole gumba na kusikiliza. Alinifundisha jambo moja ambalo silisahau, akiniambia bila kunitazama, "Kichwa kizuri hakijulikani kwa mbio. Kibovu nacho kinakimbia. Kizuri kinajulikana kwa kutambaa." Nikawaza, na mume mzuri je? Lakini sikusema. Nilikuwa na umri mdogo na nilikuwa nimechoka, na uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wote wawili tulikuwa wazazi na kila mmoja alikaa na wake.

Watu walisema. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja kukaa jikoni kwa mama mkwe, akipewa maziwa mgando, nami nikimenya viazi nje chini ya upenu niliwasikia.

"Mama, mwanao amekuwaje? Wanasema anacheza gari la watoto."

"Ana kazi zake."

"Watoto wa shule wanachungulia dirishani, wanacheka. Mtu mzima na nyumba yake!"

"Gwe, wengine wakifikwa wanakunywa pombe wanapiga wake zao. Wangu amepata gari. Muacheni, Kyala, Mungu wetu, anamwona."

Kisha balozi akashusha sauti akaeleza kilichomleta. Kwetu Rungwe watu wengi hawakuhamishwa mbali, nyumba zilikuwa zimesongamana tayari. Ila mwinuko wetu wataalamu walikuwa wameupenda kwa shamba la chai la kijiji. Sisi tulitakiwa kuvuka barabara tujenge kwenye mstari pamoja na wengine. Migomba ingekatwa yote. Kisu kilisimama mkononi mwangu. Migomba ikikatwa na ardhi ikageuzwa, hata aliyejua mahali hatapajua tena. Niliona wazi kwamba nina miezi michache tu, na kwamba mtu wa kumuuliza mama mkwe hawezi kuwa mimi, desturi imenifunga mdomo. Ingebidi awe Ambakisye. Mwana humuuliza mama yake. Lakini ili Ambakisye aulize ilibidi kwanza aongee, na ili aongee ilibidi atoke kwenye reli zile.

Basi nikaanza kukiangalia kichwa kile kama mke mwenza. Nikitaka kumshinda lazima nimjue. Kila Jumapili baada ya ibada, Ambakisye alikifungua na kukitia mafuta. Kiwandani kwao walikuwa na msemo, mashine haifi kwa mafuta, hufa kwa ukavu, na mashine zao kubwa za kusaga majani zilikunywa grisi kwa ndoo. Basi na kile kidude kilipewa mafuta kwa imani ileile. Kikisita, aliongeza. Kikisita zaidi, aliongeza zaidi. Mafuta yalitiririka kwenye magurudumu, yakapaka reli nzima kuzunguka chumba, vumbi likanata juu yake likawa utando mweusi. Mimi niliosha vyombo kila siku, najua sufuria yenye mafuta isivyoshika maji. Nikaona kwamba Jumapili jioni kichwa huwa hakijiwezi, Jumatano kina nafuu, Jumamosi kinakwenda vizuri kuliko siku zote, kisha Jumapili kinatiwa mafuta na kuugua upya. Mtu mwenye akili timamu angeliona hilo. Ambakisye alikuwa fundi hodari kuliko wote kiwandani na hakuliona, kwa sababu mikono yake ilifundishwa kwamba kupenda mashine ni kuitia mafuta. Nilipomwambia alikasirika, hasira ya kwanza tangu mtoto afe. "Unataka nikikaushe kife?" Nikafurahi, nakiri, kwa kuwa alau ilikuwa sauti.

Siku moja akiwa zamu niliingia chumba kile peke yangu. Nilijaribu kitambaa kikavu, utando haukutoka. Nilijaribu mafuta ya taa, yakaacha mafuta yao. Nikakumbuka ile chupa ya nesi. Ilikuwa juu ya kabati, karibu imejaa, na pamba yake pembeni. Nilipoifungua harufu ilinipiga nikakaa chini, kwa kuwa ilikuwa harufu ya kitovu cha mwanangu, sikuwa na harufu nyingine yake. Nililia pale sakafuni kwa sauti, mtu ambaye hakuwa msiba nikamlilia, nami sikujali nani anasikia. Kisha nikainuka. Nilipangusa magurudumu moja moja nikiyazungusha kwenye pamba, nikapangusa kile kishaba ambacho kaboni hukigusa ndani ya mota, nikapangusa vibati, kisha reli zote, ukuta hadi ukuta, pamba ikitoka nyeusi. Mafuta niliyoyarudisha yalikuwa tone moja la ncha ya sindano kila upande wa ekseli. Spiriti ikaisha. Nilitupa chupa kwenye shimo la taka, nikapika.

Ambakisye alirudi, akanawa, akaingia chumbani kwake. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi. Akaunga waya, akazungusha kile kitufe cha kupimia moto kidogo sana, kama mtu asiyetegemea. Kichwa kikaondoka. Hakikuruka. Kiliondoka polepole na mabehewa yake yote, moja la kijani lenye vilango likiwa nyuma kabisa, kikapita upande wa dirishani bila kusita, kikapita pale reli zilipogawanyika, kikazunguka kuta nne kikitambaa, tunasikia tu mlio mdogo wa giya. Aliinama akaweka kidevu juu ya ubao, kikampita karibu na pua. Kilizunguka tena na tena. Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi dirishani.

"Umekifanya nini?"

"Nimekipangusa."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa spiriti."

Alijua spiriti ipi. Nyumba yetu haikuwa na nyingine. Alifunga moto, treni ikasimama, akakaa sakafuni palepale nilipokuwa nimekaa mimi. Nikakaa naye. Kisha akaniita kwa jina langu, "Wamemweka wapi, Tupo?"

"Sijui. Sikuonyeshwa. Muulize mama, migomba haijakatwa."

Jioni ile tulikula sahani moja, ndizi na maharage na maziwa mgando. Alinisimulia kisa cha mtu wa kiwandani aliyesinzia akaangukia kwenye majani, hakikuwa kisa cha kuchekesha lakini nilicheka hadi mama mkwe akaja kuchungulia. Nilidhani nimempata mume wangu. Naweza kusema kwamba siku zile chache zilikuwa njema kuliko zote nilizowahi kuishi, na hilo ndilo linalonikatisha tamaa nikilifikiria, kwamba maisha yote yanaweza kuwa na juma moja tu ndani yake.

Balozi alipotangaza kwamba wakata migomba wanakuja, Ambakisye alikwenda jikoni kwa mama yake, akafunga mlango. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta nikikunja nguo za kuhamia. Walisema kwa sauti ya chini, Kinyakyusa cha ndani kabisa. Nilisikia neno moja moja tu, mtoto, tumbo, mke wako. Kisha nikamsikia mama mkwe akisema wazi, "Apa kwanza." Mvua ikaja juu ya bati. Ambakisye alipotoka hakuja kwangu, alipita mlango wa nyuma akiwa na koti la mvua, na aliporudi jioni miguu ilikuwa na udongo mwekundu hadi magotini. Nilimtazama usoni. Nikamuuliza, "Amekwambia?" Akanawa miguu yake taratibu, akasema, "Hakuniambia."

Kesho yake alifunga nguo zake kwenye gunia. Alisema relini wanatafuta mafundi, atakwenda kule wanakotandika reli upande wa Mbeya na kuendelea. Nikamuuliza, na nyumba ya kujenga? Akasema vijana wa kijiji watasaidia. Nikamuuliza, na kichwa chako? "Kimepona," akasema, "hakinihitaji." Alinipa mkono kama mgeni. Nilipoingia chumbani kuzivunja mbao, niliona behewa la kijani halipo. Nikajua amelichukua liwe ukumbusho. Niliumia sana kwa kitu kile kidogo, kwamba katika nyumba nzima, pamoja nami, alichoona cha kuchukua ni behewa. Nikawaza pia wazo ambalo nimelala nalo miaka yote, kwamba kile kichwa kingeendelea kusita, mtu yule angeendelea kukaa. Mimi mwenyewe nilikiponya, nikampa ruhusa.

Migomba ilikatwa. Nilibeba kichwa na mabehewa yaliyobaki kwenye beseni la uji, nikavuka barabara. Ambakisye alirudi likizo mara kadhaa, akakaa, akatazama chini, akaondoka. Sikushika mimba. Likizo zikawa za kupishana, kisha tukasikia ana nyumba Makambako na mwanamke na watoto. Mama mkwe nilimtunza mimi hadi alipokufa. Hakusema kitu, nami sikuuliza. Chai ya kijiji ikaota, ikagawanywa, nikapata kipande changu. Wakajenga banda la kupimia majani juu ya mwinuko ule, pembeni ya jiwe jeusi, na huko ndiko miguu yangu imekuwa ikinipeleka kila siku ya chai.

Basi siku ya tatu ya msiba, watu wamepungua, nilimletea Ambakisye kichwa chake kwenye kitambaa. Alikishika, akaweka dole gumba kwenye gurudumu. Halikuzunguka. "Mafuta yameganda," akasema. "Yamekuwa gundi." Nikamwambia ni yale yake, ya zamani, yaliyojificha ndani nisikofika. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Nimepita pale mwinuko jana," akasema. "Wameweka banda."

"Siku nyingi."

"Lile jiwe lipo."

"Lipo. Ndipo ninapokaa."

Alinitazama kwa mara ya kwanza, macho yake yana utando wa uzee. "Unakaa pale?"

"Kila siku ya chai. Kwa nini?"

Alikizungushia kichwa kile kitambaa, akakifungua, akakizungushia tena. "Tupo," akasema, "lile behewa la kijani sikulichukua. Nilimpelekea mwana. Nilichimba kidogo tu juu juu, chini ya jiwe, upande unaotazama mlima. Mama aliniapisha. Alisema ukijua hutazaa tena. Nikaona nikikaa nyumbani nitakwambia, siwezi kulala na wewe bila kukwambia. Nikasema niende kidogo, hadi utakapopata mwingine."

"Sikupata mwingine."

"Najua."

"Na Subilaga?"

"Subilaga alidhani nilishakwambia."

Sikumtukana. Nilikuwa na matusi ya miaka yote yamepangwa vizuri na sikupata hata moja. Nilisema, "Nimelikalia, Ambakisye. Nimekula viazi vyangu pale. Nimecheka na watu pale." Akasema, "Basi hakuwa peke yake," na akaanza kulia, mzee wa watu, na mimi sikuweza kumwambia kwamba hilo linanitosha, kwa kuwa halinitoshi. Mama hukaa na mwanawe akijua. Mimi nilikaa nikisubiri mizani. Aliondoka na basi la asubuhi, kichwa aliniachia.

Juma lililofuata nilichuma chai kama kawaida, kidogo, kwa kuwa mgongo haunipi tena. Nilipanda mwinuko na kikapu. Kulikuwa na foleni, na ukungu, na vijana wanataniana. Binti mmoja aliyekuwa amekaa kwenye jiwe aliniona, akaruka akalifuta kwa kanga yake.

"Shikamoo bibi. Njoo ukae, jiwe lako hili."

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Leo nitasimama."